Tumejifunza Kuzalisha, Bado Kukumbuka: Mafunzo ya Kukatika kwa Umeme

Mhadhara kwa wananchi, uliotolewa Magole, wilayani Kilosa

   

Nawashukuru waandaaji kwa mwaliko, na zaidi kwa kuchagua mahali. Mihadhara ya nishati hutolewa Dar es Salaam au Dodoma, mbele ya watu ambao umeme ukikatika jenereta huwaka yenyewe. Leo tunazungumza mbele ya watu wanaojua maana ya kurudi nyumbani na mahindi yasiyosagwa.

Niliombwa nieleze hali ya nishati nchini. Mada hiyo ni pana kuliko mchana mmoja, nami nimeomba ruhusa niipunguze. Nitauliza swali moja: katika miaka zaidi ya 30 ya kukatikiwa umeme, taifa limejifunza nini, na sisi hapa Magole tumejifunza nini? Jibu langu nalitanguliza ili mnipime nalo: tumejifunza kuzalisha umeme, lakini hatujajifunza kukumbuka jinsi ulivyokatika. Nina hoja sita.

Hoja ya kwanza: Kukatika kwa umeme si jambo moja

Taa zikizimika, sote tunalitaja shirika la umeme kwa sentensi moja: Tanesco wamekata. Sentensi hiyo inafunika matatizo matatu yasiyofanana, na tiba zake hazifanani.

La kwanza ni upungufu. Umeme unaozalishwa hautoshi, basi unagawiwa kwa zamu. Huu ndio mgao. Wazee mnakumbuka mwaka 1992 na 1994, mnakumbuka 2006 na 2011. Vijana mnakumbuka ule ulioanza Septemba 2023 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2024.

La pili ni kuanguka kwa gridi. Mitambo yote ya nchi imeungwa pamoja na lazima iende kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kila sekunde. Wanawake wa hapa wataniwahi kuelewa: ni kama watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akipoteza mdundo, michi inagongana na wote wanasimama. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, mzigo wake unawaangukia waliobaki, mwendo unashuka, na vifaa vya kinga vinajitoa kimoja baada ya kingine ili visiungue. Ndivyo nchi nzima inavyoweza kuingia gizani kwa dakika chache, kama ilivyotokea usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024. Kuiamsha gridi ni kazi ya hatua kwa hatua. Kwa kawaida huanza mitambo ya maji, kwa sababu inahitaji umeme kidogo kuamka. Kisha mji unaongezwa baada ya mji, huku mwendo ukilindwa usipotee tena.

La tatu ni hitilafu ya usambazaji. Umeme upo nchini, gridi ni nzima, lakini nguzo imeliwa na mchwa, tawi limelalia waya, fyuzi ya transfoma imekatika, au fezi moja imekosekana. Tatizo hili halitangazwi redioni, kwa sababu linahusu kitongoji kimoja. Nalo ndilo linalotugusa mara nyingi zaidi.

Kwa nini natenganisha? Kwa sababu taifa limejitahidi sana kutibu tatizo la kwanza. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Kituo hicho peke yake kinazidi mahitaji ya juu kabisa ya gridi yote yalivyokuwa mwaka 2023. Mtambo wa kwanza uliingia gridini Februari 2024, na mwaka uliofuata yote 9 ikakamilika. Katika miezi ya mwanzo ya mradi huo baadhi ya mitambo mingine ya maji ilizimwa kwa muda, kwa kuwa umeme ulikuwa umezidi matumizi. Na katika miezi hiyohiyo ndipo gridi ikaanguka ile Jumatatu ya Pasaka. Umeme ulizidi, na giza likaja. Anayejua ugonjwa mmoja tu atashangaa. Anayejua yote matatu hashangai.

Hoja ya pili: Anayetajwa kwanza si lazima awe ndiye mwenye kosa

Hoja hii inatuhusu kijiografia, maana bwawa la Kidatu liko mpakani mwa wilaya hii na Kilombero. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha mwaka 1975, na kilipokamilika kilifikia megawati 204. Kwa miaka mingi kilikuwa nguzo ya gridi ya nchi. Lakini bwawa lenyewe ni dogo, linabeba takriban mita za ujazo milioni 125 tu. Ghala lake halisi ni Mtera, huko juu mpakani mwa Dodoma na Iringa, lililojazwa kuanzia mwaka 1980 na linaloweza kubeba takriban mita za ujazo bilioni 3.2, yaani mara 25 ya Kidatu. Mtera ilipata kituo chake cha megawati 80 mwaka 1988. Kwa hiyo maji ya Mto Ruaha Mkuu hufanya kazi mara mbili, na anayeshika mlango wa Mtera ameshika taa za nchi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mtera ilikauka, na mgao ukaanza. Wakati uleule, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watu wakaunganisha mambo mawili: mto umekauka, bwawa limekauka, basi aliyeko juu ya mto ndiye mwenye kosa. Aliyeko juu alikuwa mkulima wa mpunga na mfugaji wa bonde la Usangu. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Usangu na ng'ombe wao, na kurejesha maji ya mabwawa ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Naomba mnisikilize kwa utulivu hapa, maana najua tumekaa pamoja wakulima na wafugaji, na wilaya hii inajua uchungu wa kunyoosheana vidole.

Watafiti wa Kitanzania na wa nje waliopitia kumbukumbu za maji ya Ruaha walikuta mambo mawili. Jambo la kwanza: mto kukauka kiangazi na bwawa kukosa maji ni matatizo mawili tofauti. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na maji ya kiangazi ni sehemu ndogo mno ya kinachoingia. Hata mto ungetiririka kiangazi chote, Mtera isingejaa kwa maji hayo. Tena kilichokausha mto kiangazi ni mifereji ya kilimo iliyoendelea kuchukua maji baada ya mavuno, zaidi kuliko ng'ombe. Jambo la pili: namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia. Kati ya Mtera na Kidatu inaingia mito mingine, Lukosi na Yovi miongoni mwao. Masika, mito hiyo inaweza kuisaidia sana Kidatu huku Mtera ikifungwa na kuweka akiba. Walipopiga hesabu, watafiti wakaona maji yaliyoruhusiwa kuondoka Mtera kabla ya mgao ni mengi kuliko yaliyohitajika.

Sisemi ukame haukuwepo. Ulikuwepo, na Oktoba 2015 ulirudi hadi Mtera ikasimamishwa kwa kukosa maji. Sisemi pia kwamba mifugo haina athari kwa ardhi oevu. Ninachosema ni kwamba maelezo ya kwanza yalipatikana haraka kwa sababu yalimhusu mtu asiye na ofisi. Maelezo ya pili yalihitaji daftari la bwawa: maji yaliingia kiasi gani, yakatoka kiasi gani, siku gani, kwa amri ya nani. Daftari lilipofunguliwa, hadithi ikabadilika. Ila wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuhama.

Hoja ya tatu: Uamuzi wa gizani una bei yake

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulizaa mkataba wa kampuni ya IPTL, uliotiwa saini mwaka 1995, wa mtambo wa mafuta wa megawati 100 pale Tegeta. Ulikusudiwa kuwa jibu la haraka. Baada ya mgogoro wa gharama uliofika hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa, mtambo ulianza kuzalisha mwaka 2002. Kivuli chake kiliendelea hadi mwaka 2014, pale sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow lilipotikisa Bunge.

Ukame uliofuata ukazaa mkataba wa Richmond wa mwaka 2006, megawati 100 za dharura. Mitambo haikufika kwa wakati, mkataba ukahamia kampuni ya Dowans, na mvua zikarudi kabla ya umeme wa dharura. Bunge liliunda Kamati Teule ya kuuchunguza mkataba huo chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Tumezoea kuzikumbuka habari hizi kama habari za siasa: nani aliondoka, nani alibaki. Kuna fundisho jingine lililofunikwa na kelele hizo. Mara zote mbili nchi ilikwenda sokoni ikiwa imeshikwa shingo. Mwenye mtambo anapojua kwamba wewe uko gizani, yeye ndiye anayepanga bei na masharti. Ukame wa nchi hii si mgeni. Anayenunua katika mwaka wa mvua nyingi hupata muda wa kusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho.

Jambo hili liko hapa sokoni pia. Jenereta nyingi ndogo hununuliwa wiki ya mgao, bei ikiwa juu, bila kuuliza itakunywa mafuta kiasi gani wala vipuri vitatoka wapi. Mwezi unaofuata umeme unarudi, jenereta inafunikwa gunia, na mwaka unaofuata haiwaki.

Hoja ya nne: Kilichotokea kinaweza kurudi vilevile

Tuvuke bahari kidogo. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kikipata umeme wake kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari iliyoanza kazi mwaka 1980. Tarehe 21 Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani takriban wiki 4. Pampu zilisimama na maji yakakosekana mabombani. Watu walirudi visimani, na ndoo ya maji ikawa bidhaa. Umeme uliporudi, watu walishangilia. Desemba 2009, miezi 18 tu baadaye, hitilafu ikatokea tena. Safari hii giza lilidumu miezi 3, hadi Machi 2010.

Tunasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sitaki kuwasema mafundi, maana walifanya kazi ngumu kwa vifaa vya zamani. Lakini baada ya giza la kwanza kila mtu alijua mambo matatu: njia ni moja, imezeeka, na mzigo umekua. Majibu makubwa yalikuja baada ya giza la pili: jenereta za akiba za Mtoni, Unguja, kisha kebo mpya ya megawati 100 iliyokamilika mwaka 2013. Kujua hakukutosha kuhamisha fedha. Ilibidi maumivu yaje mara mbili.

Mfano wa pili utawachekesha. Tarehe 7 Juni 2016, nchini Kenya, ngedere alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Hapa kwetu, mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya treni ya umeme kuanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, treni ilisimama njiani. Shirika la Reli likawataja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu. (Naona mnacheka. Reli hiyo inapita Kilosa, na ngedere wa Kilosa tunawafahamu.)

Kicheko kikiisha, swali linabaki. Ngedere wako porini miaka yote, na hawataacha kupanda. Kinachopaswa kueleweka ni kwa nini kuzimika kwa transfoma moja kuliweza kuangusha nchi, na kwa nini nyaya zilikuwa mahali anapoweza kufika mnyama. Tukimtaja ngedere tukaishia hapo, tumemfunga mshitakiwa asiyeweza kurekebisha chochote.

Linganisheni na lililotokea Marekani na Kanada tarehe 14 Agosti 2003. Watu wapatao milioni 50 walikosa umeme. Chanzo kilikuwa kidogo: katika jimbo la Ohio nyaya zilizokuwa zimelegea kwa joto na mzigo ziligusa miti ambayo haikupogolewa, na kompyuta za chumba cha udhibiti hazikutoa king'ora. Nchi hizo mbili ziliunda jopo la pamoja, na mwezi Aprili 2004 ripoti yake kamili ikachapishwa kwa kila mtu asome: saa, dakika, waya upi, mti gani, nani alipaswa kujua. Mwaka 2005 Marekani ikatunga sheria iliyofanya viwango vya usalama wa gridi kuwa lazima, ilhali awali vilikuwa hiari. Yaani miti iliyoachwa bila kupogolewa ilifika hadi kwenye kitabu cha sheria. Huko ndiko kujifunza.

Hoja ya tano: Akiba isiyojaribiwa ni mapambo

Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya ilipata giza jingine lililokumba sehemu kubwa ya nchi. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulikuwa na jenereta za akiba, lakini moja ilikataa kuwaka, na wasafiri wakakaa gizani. Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani. Jenereta ilikuwepo, imenunuliwa, imeorodheshwa. Haikuwaka siku ya kazi yake.

Tulete jambo hili nyumbani. Nataja mahali panne ambapo giza la saa chache huumiza zaidi.

Zahanati ni mahali pa kwanza. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na vivyo hivyo oksitosini, dawa inayozuia kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Jokofu likifungwa vizuri na lisifunguliwe, ubaridi hudumu kwa saa kadhaa. Likifunguliwa kila mara kuangalia kama bado lina baridi, ubaridi unatoka kwa mkono wa mwangaliaji. Muuguzi wa zamu anahitaji kipimajoto, karatasi ya kuandika nyuzi, na namba ya kituo kingine kitakachopokea chanjo ikibidi kuzihamisha.

Pili ni maji. Pampu ya umeme isiyo na tangi kubwa juu ya mnara huzima bomba dakika ileile umeme unapozimika. Tangi lililojazwa usiku ni akiba ya nishati, ingawa hakuna anayeliita hivyo.

Tatu ni mashine ya kusaga na kukoboa. Waendeshaji mashine mnajua: fezi moja ikikosekana, mota ya fezi tatu hunguruma, inapata joto na kuungua, na kusukwa upya kwa mota hiyo kunagharimu mavuno ya mtu. Kifaa kidogo cha kulinda fezi kina bei ndogo kuliko mota. Na umeme unaporudi baada ya kukatika, kila jokofu na kila mota ya mtaa huamka pamoja, msongo unayumba, vyombo vinaungua. Zima swichi ukiondoka umeme, na ukirudi subiri dakika chache.

Nne ni jikoni. Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kilosa ni wilaya ya misitu na ya mkaa. Mama akinunua jiko la umeme, na umeme ukakatika mara mbili katikati ya kuchemsha maharage, hataapa wala kulalamika. Atarudisha tu gunia la mkaa nyuma ya mlango. Kila kukatika kwa umeme kunaupigia debe mkaa, na ukipita milimani utaona nani anashinda.

Hoja ya sita: Magole iwe na daftari lake

Nimefika kwenye hoja niliyokuja kwa ajili yake.

Tukiulizwa leo umeme wa Magole ulikatika mara ngapi mwaka jana, tutajibu: mara nyingi. Kwa saa ngapi? Nyingi. Kwa sababu gani? Tanesco. Majibu hayo ni ya kweli, na hayana kazi. Meneja yeyote wa wilaya atayasikiliza kwa heshima, atatupa pole, na tutarudi nyumbani.

Wahandisi duniani kote hupima jambo hili kwa namba mbili: mteja wa kawaida amekatikiwa mara ngapi kwa mwaka, na kwa jumla ya saa ngapi. Hapa kwetu EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inazijua namba hizo na inazitumia. Lakini namba za wilaya au mkoa ni wastani, na wastani humficha mtu wa mwisho wa laini.

Ninapendekeza daftari. Kitabu cha kawaida cha mistari, vitabu vinne: kimoja zahanati, kimoja shuleni, kimoja kwenye mashine ya kusaga, kimoja kwa msimamizi wa maji. Safu zake ni chache: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, transfoma ipi, hali ya hewa, kilichoonekana, yaani nguzo, tawi, waya, au hakuna, nani alipewa taarifa na saa ngapi, fundi alisema nini, nini kiliharibika. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kulijumlisha kila mwezi. Walimu wa hisabati, hilo ni somo la takwimu lililokuja lenyewe mlangoni.

Daftari hilo litafanya kazi tatu.

Kwanza, litatenganisha magonjwa. Umeme ukikatika Magole na Morogoro mjini kwa saa ileile, tatizo ni la juu. Ukikatika kwa transfoma moja kila mvua inaponyesha, tatizo liko hapa, na fundi anaweza kuonyeshwa mahali. Pengine tutakuta kwamba hitilafu nyingi zinatoka kwenye nguzo chache. Pengine tutakuta vinginevyo. Lakini tutakuwa tumekuta, hatutakuwa tumekisia.

Pili, litatuhoji na sisi wenyewe. Kama safu ya kilichoonekana itajaa maneno mti, moto wa shamba, nyumba ndani ya mkuza wa umeme, au mafuta ya transfoma yameibwa, basi nusu ya ripoti itasomwa tukiangalia chini. Mafundi wanaopanda nguzo usiku wa mvua wanastahili wananchi wanaopunguza matawi mapema kwa kuwaita, na wanaowataja wezi wa mafuta ya transfoma kwa majina.

Tatu, litatuandaa kwa mabaya yanayokuja pamoja. Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika, Magole na Dumila zikaingia maji, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Miaka minne kabla yake Mto Mkondoa ulikuwa umeharibu Kilosa na reli ya kati. Maji yanayokata barabara yanamzuia fundi, yanazuia lori la nguzo, na yanazuia dumu la dizeli la jenereta. Kwa hiyo mpango wa umeme wa mahali kama hapa lazima uandikwe pamoja na mpango wa mafuriko, na uamuliwe kabla ya masika: nani ana betri ya sola, nani ana redio, chanjo zinapelekwa wapi ikiwa daraja halipitiki.

Kusiwe na chombo kipya cha kusimamia haya. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Daftari lisomwe pale, kama taarifa ya mapato na matumizi inavyosomwa. Nakala iende kwa meneja wa Tanesco wa wilaya, na nyingine kwa baraza la watumiaji wa huduma zinazodhibitiwa na EWURA. Barua yenye malalamiko hujibiwa kwa pole. Barua yenye tarehe 40 na majina ya transfoma hujibiwa kwa ratiba.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna msemo kwamba ajali haina kinga. Katika mambo ya umeme msemo huo umetupa usingizi mwingi. Ukame wa Mtera ulikuja zaidi ya mara moja. Njia ya umeme ya Unguja ilipata hitilafu mara mbili. Ngedere alipanda Kenya, na miaka minane baadaye akapanda kwetu. Jambo linalorudi kwa sura ileile halistahili tena kuitwa ajali.

Miaka 10 ijayo wilaya hii itategemea umeme kuliko wakati wowote. Treni ya umeme imekwisha kupita milimani kwetu. Wakulima wa mpunga watataka pampu, wakulima wa mboga watataka vyumba vya baridi, na mama wa nyumbani ameombwa aache mkaa. Nchi imejenga megawati za kutosha kubeba hayo yote. Sehemu iliyobaki ni ndefu na haina sherehe ya uzinduzi: nguzo, waya, transfoma, matawi, na watu wanaoandika.

Naomba basi maamuzi mawili kabla hatujatawanyika. Zahanati, shule, mashine na mradi wa maji kila kimoja kitaje leo jina la mtu atakayeshika daftari. Na waandaaji, mkipanga mhadhara kama huu mwakani, msinialike mimi. Mwalikeni meneja wa wilaya, muwekeeni madaftari manne mezani yakiwa na miezi 12, na wanafunzi hawa waliokaa mbele ndio wamsomee jumla. Yeye aeleze kilichorekebishwa, nanyi mwulize kilichobaki.

 Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningefurahi la kwanza litoke kwa mwendesha mashine.